Tumbo Moja, Ngozi Mbili

Sehemu ya tisa

Kalamu tuliyoiacha wiki jana ikining'inia juu ya karatasi, msomaji, haijashuka bado.

Aliyeishika ni Zulfa Kaimu. Karatasi ni fomu ya kugombea ubunge wa Jimbo la Mbwemkuru. Na aliyesukuma mlango wa ofisi ya chama mjini Ruangwa, saa mbili kasorobo asubuhi, ni kaka yake Amri, mtu ambaye mpaka jana jioni fomu hiyo ilikuwa yake.

Amri hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama tu, kofia ya kampeni mkononi, akaitazama kalamu, kisha akamtazama mdogo wake.

"Kumbe ni kweli," alisema.

"Kaka, sijasaini."

"Lakini kalamu umeishika."

Zulfa akaitua mezani kama imemuunguza.

"Keti, Amri," alisema Katibu Protasi. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti nene, na kwa miaka kumi na miwili hakuna mgombea wa chama aliyepita pale bila kupitia kwake. "Ugomvi wako ni na mimi. Mdogo wako nimemwita alfajiri, hata chai hajanywa."

"Nilishinda kura za maoni, Katibu."

"Ulishinda. Na haya ndiyo yaliyokuja nyuma ya ushindi wako."

Akavuta droo, akatoa karatasi. Ilikuwa na picha ya Amri, imepasuliwa katikati kwa mstari mwekundu. Chini yake maneno makubwa: BABU YAKE ALIKUJA NA KARANGA, AKAONDOKA NA KARANGA. HUYU ATAONDOKA NA NINI?

Karanga hizo kila mtu wa huku anazijua. Enzi za Mwingereza walikuja Wazungu na matrekta, wakafyeka pori la Nachingwea ili wapande karanga. Karanga zikawashinda, wakafunga virago. Mmoja wao, fundi wa matrekta, aliacha mimba kwa binti wa Kimwera. Mtoto aliyezaliwa ni Kaimu, dereva wa malori, baba yao Amri na Zulfa, marehemu sasa. Kaimu alitoka mweupe. Amri akamfuata baba. Zulfa akatoka mweusi ti, na watu wakasema huyu kamfuata mama.

"Karatasi hizi zimelala kila mlango, kuanzia Nkowe mpaka Mbwemkuru," Protasi alisema. "Na Dickson ana pingamizi la uraia mkobani, tayari limechapwa. Anasubiri leo saa kumi tu, muda wa kurudisha fomu ufungwe. Ukikatwa baada ya hapo, chama hakina mgombea mwingine. Dickson anapita bila kupingwa."

Dickson alikuwa mgombea wa chama pinzani, na alikuwa hajawahi kushindwa kwa sababu alikuwa hajawahi kucheza kwa haki.

"Mimi nimezaliwa Nachingwea!" Sauti ya Amri ilipanda sasa. "Baba kazaliwa Nachingwea. Bibi yangu Mmwera, hata Lindi mjini hakuijua. Huyo Mzungu sikumwona mimi, baba mwenyewe hakumwona! Nimwombe nani radhi kwa ajili ya mtu nisiyemjua?"

"Najua hayo yote. Kamati nayo inajua."

"Kama mnajua, mnaniondolea nini?"

Katibu aliirudisha karatasi drooni. Akamgeukia Zulfa, naye Zulfa akasema lile lililokuwa limemkaa kooni tangu alfajiri.

"Katibu, kama babu yake ni Mzungu wa karanga, mimi babu yangu ni nani? Si huyo huyo?"

"Ni huyo huyo. Tumbo moja, ngozi mbili." Protasi akagonga fomu kwa kidole. "Lakini damu haipandi jukwaani, Zulfa. Inayopanda jukwaani ni ngozi. Wewe umezunguka jimbo zima ukimnadi kaka yako, umekaa na akina mama mashambani, kila mkulima amenunua mbegu dukani kwako. Nani amewahi kukuuliza umetoka wapi?"

Hakuna. Hilo ndilo lililomchoma Zulfa: hakuna hata mmoja.

Walipokuwa wadogo, Amri ndiye aliyechaguliwa kumpa mgeni rasmi maua. Amri ndiye aliyesogezwa mbele picha ilipopigwa. Wageni wakifika nyumbani walimpa Amri mkono, kisha wakamtuma Zulfa maji, wakidhani ni mtumishi wa ndani. Na Amri huyo huyo ndiye aliyerudi kutoka shule shati limechanika, kwa kupigana na waliomwita mzungu pori. Zulfa aliyaona yote mawili. Ila mtu hukumbuka zaidi lililomuuma mwenyewe.

Leo, kwa mara ya kwanza, weusi wake ulikuwa umemfaa.

Amri akavuta kiti, akakaa. Akaitua kofia ya kampeni mezani, mbele ya Zulfa.

"Saini," alisema.

"Kaka?"

"Afadhali wewe kuliko Dickson. Jina ni lile lile, Kaimu. Saini, Zulfa, kabla sijabadili mawazo."

Alisaini.

Na hapa, msomaji, nisikufiche: mkono wake haukutetemeka. Alisikia furaha ya haraka, kama ya mtu aliyeramba asali ya wenyewe. Aibu ilikuja baadaye.

"Vizuri," Protasi alisema, akipuliza wino ukauke. "Cheti cha kuzaliwa?"

"Sina. Nani kijijini alikuwa na cheti miaka ile? Nina kitambulisho cha Taifa."

"Kitambulisho kinatosha kwa watu wema. Dickson akikosa kwa kaka atatafuta kwa dada. Mama yenu yu hai, Marambo?"

"Yupo."

"Basi aape mbele ya wakili kwamba alikuzaa na alikuzalia wapi. Amwapie na Amri, watu waone kwamba chama hakimwonei haya. Waandishi watarekodi, na kabla ya saa kumi dunia nzima itakuwa imeona. Ninyi tangulieni. Mimi namchukua wakili, nakuja nyuma yenu."

Ilifika saa nne unusu mihuri ya fomu ikamilike, ndipo Amri akashika usukani, vumbi la Ruangwa likiwafukuza.

Waliipita Nachingwea.

"Unajua kilichoniuma?" Amri alisema, macho barabarani. "Si Dickson. Ni wewe kuchelewa kusema hapana."

"Nilisema."

"Ulisema baada ya kushika kalamu."

Zulfa aligeukia dirishani. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua. "Na wewe ulipokuwa unapewa yale maua umpelekee mgeni rasmi, ulisema hapana?"

"Nilikuwa na miaka tisa!"

"Na mimi nilikuwa na sita. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, nimekushikia viatu."

Amri akabadili gia. Gari likaendelea.

Bi Mwanaima walimkuta uani Marambo, anapiga mbaazi kwa fimbo juu ya turubai. Miaka sitini na minane, mgongo umeanza kupinda, lakini fimbo ilikuwa inashuka sawasawa. Alipowaona wote wawili siku ya kazi, fimbo ikabaki hewani.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama," Amri alicheka kwa shida. "Shikamoo."

"Marahaba. Wala msinidanganye. Mmekuja na nyuso za msibani."

Walimkalisha kwenye mkeka, wakamweleza: kwamba Amri kaondolewa kwa rangi yake, kwamba Zulfa kawekwa mahali pake, kwamba wakili yuko njiani. Bi Mwanaima alisikiliza huku akichambua mbaazi kwa vidole. Walipofika kwenye kiapo, vidole vilisimama.

"Kwa Amri nitaapa," alisema. "Hata mara saba."

Akaingia ndani, akarudi na kadi ya kliniki, pembe zake zimeliwa na mchwa. Wodi ya wazazi, Nachingwea, mwaka themanini na tatu. Jina la mama, jina la baba, uzito wa mtoto.

Amri aliishika ile kadi kama mtu aliyekabidhiwa roho yake.

"Na ya Zulfa, mama?"

"Ya Zulfa haipo."

"Imeliwa na mchwa?"

"Haikuwahi kuwapo."

"Haidhuru," Zulfa alisema. "Utaapa tu kwa mdomo, mama. Kwamba ulinizaa, basi."

Bi Mwanaima akamtazama. Macho yake yalijaa maji pole pole.

"Siwezi, mwanangu. Nina msahafu ndani ya nyumba hii. Siwezi kuushika kwa uongo."

Kuku alikuja kudonoa mbaazi, hakufukuzwa.

"Uongo gani?" Zulfa aliuliza.

"Ulikuwa mwaka themanini na sita. Msumbiji kulikuwa na vita, watu wanavuka Ruvuma kama kumbikumbi. Baba yenu alikuwa anapeleka mahindi ya msaada kule mpakani. Mimi nilibaki hapa, nimejifungua mtoto wa kike, hakulia. Tulimzika pale nyuma ya nyumba. Maziwa yamejaa, yananiuma, sina wa kumpa." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Siku ya nne baba yenu akarudi na mwanamke kwenye lori. Mmakonde wa ng'ambo, ana chale usoni, mgonjwa, hana maziwa hata tone. Jina lake Getruda. Na mgongoni ana kitoto cha wiki sita."

"Mama," Zulfa alisema. "Mama, nyamaza."

"Nilikupokea nikakunyonyesha. Ulininyonya kama unanidai."

"Nyamaza, mama!"

"Alikaa kwangu siku kumi na moja, akapata nguvu. Alikuwa kaacha wengine wawili porini na mume wake. Akasema, Mwanaima, nishikie huyu, nawafuata wale. Akarudi mtoni." Bi Mwanaima akatikisa kichwa. "Hakuonekana tena. Baba yenu alimtafuta miaka miwili. Kwao ulikuwa unaitwa Dionisia. Mimi nikakuita Zulfa, jina nililokuwa nimemwekea yule aliyekufa."

Amri alipozungumza, sauti ilitoka kama ya mtoto.

"Yule mama mwenye chale... alikuwa ananiogesha kwenye beseni. Siku zote nilidhani ni ndoto."

"Haikuwa ndoto."

Zulfa akasimama, akakaa, akasimama tena. Miaka thelathini na tisa! Mimba mbili, misiba, kura alizopiga, wimbo wa Taifa aliouimba kila asubuhi mbele ya bendera ya shule. Kaka yake aliyepasuliwa uso kwa mstari mwekundu alikuwa mwenyeji kuliko nyasi za Nachingwea. Na yeye, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza lolote, ndiye aliyevuka mto.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba si wangu? Huo ndio ungekuwa uongo."

Zulfa akapiga magoti, akaishika mikono ya mama yake. Hakujua kama analia mpaka alipoyaonja machozi.

"Basi apa, mama. Apa tu. Nani atajua? Baba kafa. Getruda hayupo. Tuko watatu hapa. Apa!"

"Mungu yupo, Zulfa."

"Mungu ndiye aliyenileta kwako! Atakukatalia nini?"

Bi Mwanaima akageuza uso. Fimbo ya mbaazi ilikuwa imelala miguuni pake, akaitazama hiyo.

Amri akamwinua Zulfa. Alimkumbatia, yeye ambaye tangu asubuhi hakutaka hata kumgusa. "Nisikilize," alimwambia sikioni. "Wewe ni ndugu yangu. Sijali mto, sijali cheti. Unasikia? Ndugu yangu."

Kabla Zulfa hajajibu, honi zikalia.

Hazikuwa za gari moja. Protasi alikuja na magari matatu, na nyuma yake bodaboda kama ishirini zenye bendera za chama. Vijana wakamwagika uani wakiimba jina la mgombea mpya. "Zul-fa! Zul-fa!" Majirani wakatoka mashambani, majembe mabegani. Waandishi wawili wakanyanyua simu zao. Spika ikatuliwa kwenye turubai, mbaazi zikasagika chini yake.

"Katibu, subiri kidogo," Amri alisema, "tuna neno la faragha..."

"Faragha saa saba hii? Kurudi Ruangwa ni mwendo wa saa mbili, Amri! Wakili, anza."

Wakili alikuwa mwanamama wa miwani, mwepesi, muhuri kwenye mkoba. Akamkalisha Bi Mwanaima kwenye kiti, akaomba msahafu. Jirani mmoja akauleta kutoka ndani kabla mtu hajamzuia.

Kiapo cha Amri kilikuwa chepesi. Bi Mwanaima aliapa kwa sauti iliyonyooka, kadi ya kliniki ikainuliwa mbele ya simu, watu wakapiga makofi. Yalikuwa makofi ya huruma.

"Sasa Zulfa," wakili alisema. "Bi Mwanaima, huyu Zulfa Kaimu ulimzaa wewe mwenyewe? Na ulimzalia wapi?"

Akamsogezea msahafu.

Zulfa alimtazama mama yake, akingoja kusikia lile neno, siwezi. Lakini Bi Mwanaima alikuwa anamtazama yeye. Alikuwa anayatazama magoti yake yenye vumbi na uso wake uliovimba kwa machozi. Na taratibu, mkono wa yule mzee ukainuka kutoka mapajani ukautafuta msahafu.

Zulfa akaelewa. Mama aliyekataa kumkosea Mungu kwa kuombwa, alikuwa anakwenda kumkosea kwa kupenda.

"Wallahi," Bi Mwanaima alianza, "mimi Mwanaima, huyu Zulfa nime..."

"Mama, usiape!"

Watu wote waligeuka. Zulfa alikwishafika, akautoa ule mkono juu ya kitabu, akaubusu, akaurudisha mapajani mwa mama yake. Kisha akazigeukia zile simu.

"Asiape kwa ajili yangu," alisema. "Mimi hakunizaa. Alinilea. Nilivushwa Ruvuma nikiwa na wiki sita, mgongoni kwa mama aliyekimbia vita. Nimejua leo, hapa hapa, hata nusu saa haijapita. Mlimpasua kaka yangu uso mkitafuta mgeni. Kaka yangu ni wa hapa. Mgeni mliyekuwa mnamtafuta ni mimi."

Hapakuwa na aliyeimba tena.

Mwanamke mmoja wa shambani akashika mdomo. Kijana aliyekuwa na bendera akaishusha. Mwandishi mmoja tayari alikuwa ameshaanza kukimbilia mahali penye mtandao.

Protasi alisimama pale kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Ya tatu hakuvuta. Alikwishamshika Amri mkono, akamvuta pembeni, lakini sauti yake nene haikujua kunong'ona, na Zulfa aliisikia kila silabi.

"Fomu yako ile ya kwanza ninayo garini, sikuichana. Mama ameshakuapia, kadi imeonekana, watu wamekuonea huruma. Pingamizi la Dickson limekufa lenyewe, leo wewe ndiye mzalendo. Lakini ukimkumbatia huyu, jioni watasema ukoo mzima ulivuka mto. Mkane, Amri."

"Ni ndugu yangu."

"Ni ndugu yako nyumbani. Hapa mbele ya watu, sema hukujua, sema umedanganywa, sema si ndugu yako. Maneno matatu tu. Ukishayasema, saa kumi jina lako liko mezani. Usipoyasema, Dickson ni mbunge na wewe utarudi kuitwa Mzungu wa karanga mpaka unaingia kaburini."

Akakichukua kipaza sauti kwenye spika, akamnyooshea.

Amri alimtazama mama yake, aliyekuwa ameinamisha kichwa. Akaitazama ile kadi ya kliniki mkononi mwa wakili. Akautazama umati, nyuso ambazo maisha yake yote zilimwangalia mara mbili kabla ya kumsalimia, na leo zilikuwa zinamngoja kama mtu wao.

Kwa Zulfa hakutazama.

Mkono wake ukanyooka. Akakipokea kipaza sauti, akakigonga kwa kidole, akavuta pumzi. Na sauti iliyotoka haikuwa ile iliyomnong'oneza sikioni muda mfupi uliopita. Ilikuwa ya jukwaani, ile aliyofundishwa na Zulfa mwenyewe.

"Wananchi wenzangu," Amri alisema.

Na Zulfa, aliyelisikia neno hilo maelfu ya mara, kwa mara ya kwanza akajua kwamba yeye hamo.